Kipuri Kinachoingia na Kipuri Kinachofaa

Katika miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa na viwanda vya pikipiki ambavyo sifa zao zilienea duniani kote: BSA huko Small Heath mjini Birmingham, Triumph huko Meriden karibu na Coventry, Velocette huko Hall Green, na Royal Enfield huko Redditch, bila kuvitaja vingine vidogo ambavyo navyo vilikuwa na wapenzi wao. Viwanda hivyo, kwa sababu ya ushindani wa Wajapani na kwa sababu ya taksiri za wakuu wao wenyewe, vilianguka kimoja baada ya kimoja: cha Redditch kilifungwa mwaka 1967, Velocette ikafuata mwaka 1971, BSA ikamezwa na shirika jingine mwaka 1973, na Meriden, ambayo wafanyakazi waliishika wenyewe kwa ushirika, ikafikia kikomo chake mwaka 1983. Lakini pikipiki vilizoziunda hazikufa pamoja navyo. Maelfu ya hizo zingali zinakwenda, na kila moja, kwa kuwa chuma nacho huchakaa, huhitaji pistoni, valvu, beringi, gasketi na kebo mpya; na hapo ndipo mwenye chombo anapokabiliwa na suali ambalo babu yake hakuwa nalo, yaani, ikiwa kiwanda kilichoizaa pikipiki hakipo tena, ni nani huyu anayetengeneza vipuri vyake, na ametengeneza kwa kufuata kipimo gani?

Vipuri vinavyouzwa leo ni vya asili mbalimbali. Kuna vile vilivyotengenezwa na viwanda vyenyewe zamani, vikabaki maghalani ndani ya karatasi zake za mafuta. Kuna vinavyotengenezwa sasa na watu waliorithi michoro ya asili. Na kuna nakala, ambazo ndizo nyingi zaidi na rahisi zaidi, zilizotengenezwa na fundi ambaye hakupata kuuona mchoro wowote, bali aliletewa kipuri kilichokwisha kutumika akaambiwa atoe mfano wake. Nakala za namna hii ndizo chanzo cha manung'uniko mengi ya wenye pikipiki hizi. Fundi cherehani aliyepewa kanzu kuukuu iliyokwisha kutanuka mabegani, akaambiwa ashone nyingine sawasawa na hiyo, atashona kwa uaminifu kabisa kanzu isiyomkaa mtu yeyote. Na mkereza chuma naye, akipima kipuri kilicholika, huupima pia ulikaji wake, kisha akautia ndani ya chuma kipya kana kwamba ulikuwa ni sehemu ya maarifa ya aliyekibuni.

Tuitazame pistoni, kwa kuwa ndani yake mambo haya hudhihirika kuliko penginepo. Pistoni ya Triumph Bonneville, pikipiki iliyotoka mwaka 1959 ikiwa na silinda mbili zenye upana wa milimita 71 kila moja, ni ya alumini, hali silinda yenyewe ni ya chuma cha kusubu, na alumini ikipata joto hutanuka kwa kadiri ya mara mbili ya chuma hicho. Kwa hiyo mbunifu huacha nafasi baina ya viwili hivyo, nafasi inayohesabiwa kwa sehemu chache za elfu moja ya inchi. Na tena haifanyi pistoni kuwa mviringo kamili, bali huipa umbo la yai kidogo, na huipunguza upana upande wa juu, kwa sababu kichwa chake ndicho kinachokutana na moto. Mambo haya jicho haliyaoni. Lililofichika zaidi ni madini yaliyomo, kwa maana alumini iliyochanganywa na silikoni nyingi hutanuka kidogo kuliko ile yenye silikoni haba, hata ikawa pistoni mbili zilizo sawa kabisa juu ya meza ya fundi zikawa si sawa hata kidogo baada ya mwendo wa maili kumi katika jua: moja huendelea na kazi, na ya pili hukwama ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga, na mpandaji akawa hatarini. Mwenye kununua kwa kutazama sura na bei peke yake hana njia ya kuzipambanua.

Ama katika bolti na nati, hitilafu ni ya aina nyingine, nayo imezaliwa na historia. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kanuni moja ya hesi kwa Uingereza nzima, ambayo meno yake yana pembe ya nyuzi 55, na baadaye ikatoka kanuni ya meno membamba zaidi iliyohifadhi pembe ile ile. Waundaji wa baiskeli, ambao wengi wao ndio waliogeuka kuwa waundaji wa pikipiki, walikuwa na kanuni yao wenyewe, ya nyuzi 60. Sasa, bolti ya robo inchi ya ile kanuni nyembamba ina meno 26 katika kila inchi, na bolti ya robo inchi ya kanuni ya baiskeli nayo ina meno 26. Moja huingia katika nati ya nyingine, huzungushika, hata hukazika. Lakini meno hayakutani ubavu kwa ubavu, hugusana kwa sehemu ndogo tu, na mtikisiko wa injini ukifanya kazi yake siku baada ya siku, nati hulegea au hesi hung'oka. Juu ya hayo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vilianza kuhamia kanuni ya tatu, ile waliyoafikiana Uingereza, Marekani na Kanada baada ya Vita vya Pili, na uhamiaji huo ukafanywa kidogo kidogo, kiasi kwamba pikipiki ya mwaka 1969 yaweza kuwa na kanuni zaidi ya moja ndani ya injini moja. Muuzaji anayeandika juu ya pakiti “bolti ya robo inchi” bila ya kutaja hesi yake, hakumwambia mnunuzi jambo lolote la maana.

Nisifahamike kuwa nasema kila cha zamani ni bora. Kabureta ya Amal iitwayo Concentric, iliyotoka mwaka 1967 ikaenea karibu katika pikipiki zote za Kiingereza, ilikuwa na mwili na kitelezi vya madini ya namna moja, yaani mchanganyiko wa zinki, na madini ya namna moja yakisuguana hulana upesi. Hewa ikaanza kupenya pembeni, injini ikakataa kutulia inaponguruma polepole, na mwenye chombo akahangaika na plagi na nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kampuni ya Burlen ya mji wa Salisbury, inayotengeneza Amal siku hizi, hutoa kitelezi cha alumini iliyofanywa ngumu usoni, na kitelezi hicho hudumu kupita cha asili. Halikadhalika mipira. Mpira uliokaa ghalani miaka hamsini, hata ukiwa na muhuri wa kiwanda, umekwisha kukauka. Na tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ya Uingereza ilipoanza kutiwa hadi asilimia 10 ya ethanoli, mipira ya kale ambayo haikuundwa kustahimili kileo hicho huharibika, wakati mpira mpya wa malighafi ifaayo hustahimili. Katika jambo hili kipya kizuri kina haki ya kutangulia.

Kuhusu mng'ao wa ekzosi na rimu, neno moja latosha: kinachozuia kutu ni tabaka la nikeli lililo chini, wala si ile kromiamu ya juu inayopendeza macho, na mwenye kuuza rahisi hupunguza pale pasipoonekana.

Wako watu walioyakabili haya kwa njia ya kusifiwa. Pikipiki za Vincent, zilizoundwa Stevenage hata mwaka 1955, zilikuwa chache na za thamani, na wenye nazo, walipoona kwamba hakuna atakayewahurumia, waliunda mwaka 1975 kampuni yao ya vipuri chini ya chama chao, wakawa wao ndio wateja na wao ndio wenye dhamana. Andover Norton nayo imehifadhi michoro ya kiwanda ya Norton Commando, ikatengeneza kwa kuifuata. Na huko Madras, ambako Royal Enfield Bullet ilianza kuundwa mwaka 1955, kazi iliendelea baada ya Redditch kufungwa, hata Mwingereza mwenye Bullet ya kale akawa anaagiza vipuri kutoka India. Ingawa yampasa kupima kwanza, maana Wahindi nao walibadilisha mambo kwa kadiri miaka ilivyopita. Katika mifano yote hiyo siri ni moja: mtengenezaji anakijua kipimo cha asili, na anamjua atakayemrudia kikikosewa.

Nina heshima kubwa kwa fundi anayeweza kukifanya kipuri kisichoingia kikaingia kwa tupa na jiriwa, na mafundi wa namna hiyo wamezihuisha pikipiki nyingi. Hata hivyo naamini ustadi huo, ukitumiwa kimyakimya, humlinda mtengenezaji mzembe, kwa kuwa kosa lake halimrudii, naye huendelea kuwauzia wengine mamia kilicho na ila ile ile. Kwa hiyo nawasihi wenye pikipiki hizi: msitupe kipuri cha zamani mpaka kipya kimekaa mahali pake na kufanya kazi, mnapovunja bei, msiivunje katika breki, ekseli za magurudumu na pistoni, muulizeni muuzaji kimetengenezwa wapi, kwa madini gani na kwa mchoro wa nani, na kikija kisicholingana, mrudishieni pamoja na vipimo vyenu vilivyoandikwa kwenye karatasi, kabla tupa haijakigusa.