Kufundisha Nyumbani: Wiki za Kwanza Ni za Kumjua Mtoto

Familia nyingi zinazoamua kuwafundisha watoto wadogo nyumbani huanza kwa kuihamishia shule sebuleni. Ubao hununuliwa, ratiba ya kuanzia saa mbili asubuhi hadi alasiri hubandikwa ukutani, na mtoto wa miaka mitano au sita hutakiwa kukaa kitini kipindi baada ya kipindi. Siku chache baadaye mtoto analia akiona daftari, mzazi amechoka, na nyumba nzima imeingiwa na wasiwasi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Tatizo hapo ni mpango wenyewe. Wiki mbili au tatu za mwanzo zitumike kumjua mtoto na kuzoesha mwenendo wa siku, na masomo yawe mafupi. Ufupi huo haumpunguzii mtoto elimu, na sababu zake zinaeleweka vizuri.

Ratiba ya shule ni ndefu kwa sababu mwalimu mmoja anahudumia watoto wengi. Tuchukue kipindi cha dakika 30 katika darasa la wanafunzi 40: mwalimu akigawa muda wake sawasawa, kila mtoto anapata sekunde 45. Muda mwingine wote huenda kwenye kusubiri, kunyamazishana, kugawa vitabu na kunakili ubaoni. Mzazi anayekaa na mtoto mmoja kwa dakika 15 anasikia kila silabi inayotamkwa na kurekebisha kosa papo hapo. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, alionyesha kuwa wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja waliwaacha mbali wenzao wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimepata tofauti ndogo kuliko aliyoitaja yeye, lakini bado ni kubwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, saa moja hadi moja na nusu ya masomo kwa siku, iliyokatwa vipande vifupi, inatosha kabisa kuanzia.

Kumjua mtoto kunafanyika kwa kusikiliza na kutazama, bila karatasi ya mtihani. Anaweza kusimulia kisa kwa mpangilio? Akisikia neno “maandazi”, anaweza kuzipigia makofi silabi zake, ma-a-nda-zi? Akipewa vizibo saba, anahesabu kimoja kimoja au anarukaruka? Maswali haya yanaonyesha mahali pa kuanzia vizuri zaidi kuliko lebo ya gredi iliyo kwenye jalada la kitabu. Kwa upande wa kusoma, familia inayozungumza Kiswahili ina bahati kubwa, kwa kuwa maandishi yetu hufuata matamshi: irabu ni tano na kila moja ina sauti yake. Utafiti ulioongozwa na Philip Seymour, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya na kukuta kuwa wanaosoma lugha zenye tahajia inayofuata sauti hujua kusoma maneno mapema sana kuliko wanaoanza na Kiingereza. Basi anza na ba, be, bi, bo, bu, uunde baba, bibi na babu; maneno kama mbwa, nyumba na ng’ombe yasubiri mpaka silabi nyepesi zikae sawa. Mtoto akishaelewa kwamba herufi hubeba sauti, ufahamu huo atakwenda nao hata kwenye Kiingereza.

Mwenendo wa siku nao ni somo. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885, imethibitika mara nyingi kwamba mazoezi yaliyotawanywa siku mbalimbali hukaa kichwani zaidi kuliko yaliyorundikwa mara moja. Dakika 10 za silabi kila asubuhi baada ya chai zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Hesabu iwe ya kushika kwa mikono: kupanga maharage kumi kumi, kugawana machungwa, kurudisha chenji ya dukani, kucheza bao. Hadithi isomwe au isimuliwe kila siku, na vitendawili vitegwe jioni, maana mtoto mwenye msamiati mpana huelewa anachokisoma.

Wapo watakaosema mzazi hakusomea ualimu. Hoja hiyo ina uzito: ualimu ni taaluma, na mzazi anayegundua mtoto hasikii vizuri, anachanganya sauti au haendelei kwa miezi kadhaa anapaswa kumwona mtaalamu bila kuona haya. Lakini kazi ya miezi ya mwanzo inahitaji zaidi subira, kusoma kwa sauti na mtaala mzuri mkononi. Wengine wanahofia upweke, nao wana haki. Mtoto anahitaji wenzake, hivyo michezo ya jirani, madrasa, shule ya Jumapili au kukutana na familia nyingine viingizwe kwenye ratiba tangu wiki ya kwanza. Pingamizi zito zaidi ni la kisheria. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Elimu ya 1978, inataka mtoto aliyefikisha umri wa kuanza shule aandikishwe shule ya msingi. Kwa hiyo kabla ya kumwondoa mtoto shuleni, nenda kwa afisa elimu, uliza kwa maandishi, na weka kumbukumbu ya kila anachojifunza.

Mzazi anayeanza safari hii asipime mafanikio kwa kurasa zilizojazwa. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza ajiulize mambo matatu: je, ninajua mtoto wangu anaweza nini na anakwama wapi? Je, siku yetu ina mpangilio anaoutegemea? Je, bado anauliza maswali? Ikiwa majibu yote ni ndiyo, msingi umekaa, na silabasi sasa inaweza kuongezwa kidogo kidogo.