Barafu ya Mapera: Kazi Kubwa Huisha Kabla ya Kugandisha

Bango la ikweta liko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, pale Maseno, na wageni hupenda kupigwa picha mguu mmoja ukiwa kaskazini na mwingine kusini. Kwa wenyeji, mstari huo maana yake ni jua linalopita utosini Machi na Septemba. Mwinuko wa karibu mita 1,500 hupunguza makali yake, lakini mtoto anayetoka shuleni mchana bado anataka kitu baridi, na mara nyingi anachopata ni barafu ya maji, sukari na rangi. Anailamba huku akipita kwenye nyua zilizojaa mapera.

Mpera wa huku hauhitaji kupandwa. Ndege na watoto hula, mbegu huanguka, mti huota wenyewe. Msimu ukifika, mapera huiva kwa wingi kuliko midomo iliyopo, mengi yakaozea chini. Inaniuma, kwa sababu gramu 100 za mapera zina karibu miligramu 228 za vitamini C, ilhali machungwa ya uzito uo huo yana kama miligramu 53. Tunda tajiri namna hiyo linakosa tu mtu wa kulifanya livutie kuliko barafu ya rangi. Kazi hiyo inawezekana katika jiko la kawaida, mradi mzazi aelewe jambo moja: baridi haiongezi chochote. Haifanyi tunda liwe tamu, haiui vimelea, wala haifanyi mchanganyiko uwe laini. Yote matatu huamuliwa zaidi mezani, kabla mlango wa friza haujafungwa.

Tuanze na utamu. Ukionja juisi ya embe ikiwa vuguvugu, kisha uionje imeganda, utaapa kwamba kuna aliyepunguza sukari. Mwaka 2005 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walieleza sababu mojawapo. Ndani ya chembe za ulimi zinazotambua utamu kuna mlango mdogo wa protini uitwao TRPM5, ambao husaidia kupeleka habari za utamu kwenye ubongo. Mlango huo hufanya kazi kwa nguvu zaidi panapokuwa na joto, na hulegea panapokuwa na baridi. Ndiyo maana watengenezaji wa barafu za dukani humwaga sukari nyingi: wanashindana na baridi ya bidhaa yao wenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayekula kalori 1,300, asilimia 10 ni gramu 32 hivi, yaani vijiko 8 vya chai. Chai ya asubuhi na ya jioni huenda zimeshakula nusu. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi hapo, kwa kuwa huja pamoja na nyuzinyuzi zinazoichelewesha tumboni. Kwa hiyo tumia nyama ya tunda badala ya kukamua maji yake, na uchague tunda lililoiva kupita kiasi.

Ndizi ndiyo mwalimu mzuri hapa. Ikiwa mbichi, karibu asilimia 20 ya uzito wa nyama yake ni wanga. Kadiri inavyoiva, vimeng'enya huukata wanga huo na kuugeuza sukari, mpaka ndizi yenye madoa meusi inabaki na wanga kidogo sana. Zile ambazo mama mboga wa soko la Luanda, jirani na Maseno, huziuza kwa bei ya kutupa jioni, kwa sababu kesho hazitauzika, ndizo hasa tunazozitaka.

Zimenye kwanza, kwani ganda likigandia kwenye nyama utapata taabu ya kulibandua. Zikate vipande vya unene wa kidole, vinyunyizie ndimu kidogo, uvipange kwenye sahani bila kugusana, kisha uviache kwenye friza hadi kesho. Ndimu ni ya kuzuia weusi: ndizi ikikatwa, kimeng'enya hukutana na oksijeni na rangi hubadilika, na asidi ya ndimu hukifunga mikono. Kesho yake toa vipande, subiri dakika tano, halafu usage kwa blenda au utwange kwenye kinu safi. Mwanzoni utaona makombo makavu kama mchanga, na utafikiri umeharibu. Endelea tu. Ghafla makombo hushikana, yakawa uji mzito, laini, unaosimama kwenye kijiko. Hakuna maziwa wala sukari humo. Ni pektini na sukari za ndizi yenyewe zinazoshikilia maji yasijikusanye kuwa mabonge ya barafu.

Mapera yana mbegu, na mbegu ndizo zinazowafanya watoto wayakatae. Yakate nusu, toa kiini kwa kijiko, kisha ukipitishe kwenye chujio ukikikandamiza kwa mgongo wa mwiko. Kitakachopita ni rojo ya waridi yenye harufu inayojaza nyumba. Rojo hiyo changanya na nyama iliyobaki, iliyosagwa, halafu uweke ndizi mbivu, moja kwa kila mapera matatu. Usiyachemshe, maana vitamini C huharibiwa na joto. Baridi, kinyume chake, huitunza vizuri kuliko bakuli la matunda lililokaa siku tatu juu ya meza.

Sasa ulaini. Kila mtu aliyewahi kulamba barafu ya maji analijua hili: mtoto anafyonza kwa nguvu, rangi na utamu vinaisha, anabaki ameshika bonge jeupe lisilo na ladha. Maji yanapoganda, molekuli zake hujipanga kwa utaratibu mkali usio na nafasi ya sukari wala rangi. Vitu hivyo husukumwa pembeni, vikabaki katika majimaji mazito yaliyonaswa katikati ya fuwele, kama maji ndani ya sifongo. Mtoto akifyonza, anayavuta hayo, sifongo inabaki.

Majimaji hayo ya sukari hayagandi kirahisi. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0, lakini juisi yenye sukari za matunda kiasi cha asilimia 12 huanza kuganda karibu nyuzi 1.4 chini ya sifuri. Kila fuwele mpya inapojitenga, majimaji yanayobaki huzidi kuwa mazito, na huhitaji baridi kali zaidi. Hata katika nyuzi 18 chini ya sifuri, sehemu ya mchanganyiko wa matunda haijaganda, na hiyo ndiyo inayokiruhusu kijiko kupita. Ukiongeza maji ili mapera yatoshe watoto wengi, umejitengenezea jiwe. Ongeza maziwa mala badala yake: mafuta na protini zake huziingilia fuwele zisikue, na uchachu wake unapendana na embe kuliko na tunda lingine lolote nijualo.

Ukubwa wa fuwele hutegemea pia mwendo wa kuganda. Haraka huzaa fuwele ndogo ambazo ulimi hauzihisi. Polepole huzaa kubwa zinazokwaruza. Friji nyingi za nyumbani zina alama za nyota kwenye kisanduku cha barafu: moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Mwenye nyota moja atumie vikombe vidogo, vile vya mtindi vilivyooshwa, na akoroge kwa uma kila nusu saa mpaka ishindikane. Asikate tamaa ikichelewa. Kupoza kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 0 ni kuondoa kilojuli 105 hivi, lakini kuyageuza barafu, bila joto lake kushuka hata kidogo, ni kuondoa nyingine 334. Friji hutumia muda mwingi ikifanya kazi isiyoonekana kwenye kipimajoto.

Kuhusu mwendo huo wa kuganda, Afrika Mashariki ina jina lake kubwa. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, na utaratibu ulikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akayaingiza ya moto. Yake yakaganda kabla ya mchanganyiko wa mwenzake ambao haukuwa wa moto. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, kwa nini cha moto huganda kwanza. Wenzake walicheka. Osborne alikwenda kulipima swali hilo, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Mimi naona fahari kwamba swali linalosumbua maabara za dunia lilitoka kwa mwanafunzi aliyekuwa akitengeneza aiskrimu, na kwamba hakulinyamazia. Nyumbani, hata hivyo, acha mchanganyiko upoe. Sufuria ya moto ndani ya friza ndogo hupasha nyama na samaki walio jirani.

Jambo la tatu, vimelea, halina mjadala. Nyanza imepata kipindupindu mara nyingi tangu ugonjwa huo ulipofika Kenya mwaka 1971, na bado wapo wanaoamini kwamba barafu ni safi kwa kuwa imeganda. Bakteria wengi hulala tu kwenye baridi, huamka ikiyeyuka. Katika mlipuko wa Peru wa 1991, barafu ilikuwa miongoni mwa njia zilizoueneza ugonjwa. Hivyo maji yoyote yanayoingia kwenye mchanganyiko, au ya kuoshea matunda na vikombe, yachemshwe au yatiwe dawa. Maseno maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa sababu ya mwinuko, nayo hutosha kabisa kuua vimelea hivyo yakitokota vizuri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, kwa hatari ya sumu ya botulini, na mdogo asiyetafuna vizuri apewe rojo kwa kijiko, si vipande vigumu vinavyoweza kumkaba.

Na asiye na friji? Teremka ufuoni mwa Ziwa Victoria, Dunga au kwingineko, utakuta barafu iliyoletwa kwa ajili ya samaki. Hiyo si ya kuliwa, lakini inaweza kufanya kazi kwa nje. Weka rojo yako kwenye mkebe safi wenye kifuniko kinachobana, ujaze nusu tu. Uzike ndani ya ndoo ya barafu iliyopondwa, umwagie chumvi ya mawe, kipimo kimoja kwa vitatu vya barafu. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka ingawa hakuna joto la kutosha, nayo hulinyakua joto hilo popote lilipo, ikiwemo ndani ya mkebe. Ndoo yaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Funga leso nzito mkononi, maana baridi hiyo huunguza ngozi, na uwape watoto kazi ya kuuzungusha mkebe kwa zamu, huku na huku, kwa nusu saa hivi. Kuzungusha ndiko kukoroga, na fuwele hubaki ndogo. Kabla ya kufungua, usuuze mkebe kwa maji safi na ufute vizuri ukingo wa kifuniko: tone moja la maji yale ya chumvi na samaki likiingia, mapera yote yameharibika.