Java: Uzi wa programu huombwa kusimama, haulazimishwi

PROGRAMU ya kompyuta inayofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja huzigawa kazi hizo kwa nyuzi. Kila uzi ni mfululizo wa maagizo unaotekelezwa sambamba na mingine. Kuuanzisha ni rahisi. Ugumu upo katika kuusitisha.

Lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995, ilikuja na amri ya stop, iliyouwezesha uzi mmoja kuukatisha mwingine papo hapo. Mwaka 1998, toleo la 1.2 liliwatahadharisha waandishi wa programu wasiitumie tena.

Sababu ilikuwa ni kufuli. Uzi unapobadilisha data inayotumiwa na nyuzi nyingine, huifunga kwanza ili nyingine zisubiri. Ulipokatishwa kwa stop, makufuli yake yote yalifunguka hata kama kazi ilikuwa imefika nusu.

Kwa mfano, programu inahamisha Sh100,000 kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Uzi ukikatishwa baada ya kumpunguzia mtumaji na kabla ya kumwongezea mpokeaji, hesabu hubaki na upungufu. Nyuzi nyingine huisoma kana kwamba ni sahihi, na kosa laweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, mbali na chanzo chake.

Njia inayokubalika ni kuuomba uzi usimame. Amri ya interrupt huweka alama ya ombi tu. Uzi wenyewe hupaswa kuiangalia alama hiyo mara kwa mara, kukamilisha au kutengua ulichokianza, kisha kujimaliza. Ikiwa umelala, huamshwa kwa taarifa maalumu ya hitilafu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Taarifa hiyo inapotolewa, alama hufutika. Mwandishi wa programu akiipokea na kuinyamazia, ombi hupotea na uzi huendelea na kazi. Inashauriwa airudishe alama, au aipeleke taarifa kwa sehemu ya programu iliyoagiza kazi hiyo.

Toleo la 5, la mwaka 2004, liliongeza nyenzo za kusimamia kundi zima la nyuzi: shutdown hukataa kazi mpya na kuziacha zilizokwishapokewa zimalizike, ilhali shutdownNow hupeleka ombi la kusimama kwa zinazoendelea.

Mwaka 2023, miaka 25 baada ya tahadhari ya kwanza, toleo la 20 liliiondolea stop nguvu zake. Tangu toleo hilo, amri hiyo haikatishi tena uzi wowote.