Chombo Kikifiwa na Tajiri Wake

Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, biashara ya dagaa huendeshwa kwa kuaminiana. Tajiri hutoa mtumbwi, injini, wavu na taa. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza. Mchuuzi hutanguliza fedha kabla hajaona hata dagaa mmoja. Mengi ya makubaliano hayo hayaandikwi popote, na nyumba nyingi zimekula kwa utaratibu huo. Udhaifu wake huonekana tajiri akifariki.

Matanga yakiisha, kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari na uthibitisho wa kifo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo hutolewa, na asipotokea wa kupinga, msimamizi huteuliwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uteuzi huo haumfanyi msimamizi kuwa mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, kisha kutoa hesabu. Orodha ya mali na madeni anapaswa kuiwasilisha mahakamani ndani ya miezi minne. Kaka mkubwa anayeanza kujiita mwenye injini anatumia dhamana vibaya, na mahakama inaweza kumwondoa.

Kabla ya kugawa, lazima ijulikane mali ya marehemu ni ipi hasa. Wavu ambao mke aliununua kwa faida ya dagaa alioanika na kuuza mwenyewe ni wake, hauingii kwenye mirathi. Na mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Tatizo la mjane wa mwaloni ni ushahidi: alitoa fedha mkononi, risiti ikaandikwa jina la mume, au haikuandikwa kabisa.

Tuseme familia ni ya Kiislamu, kama zilivyo nyingi za Ujiji, na baada ya mazishi na madeni imebaki mali ya shilingi milioni 24. Marehemu ameacha mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili. Wazazi wake walishatangulia. Mke anapata thumuni, milioni 3. Milioni 21 zinazobaki zinagawanywa mafungu manne: mwana milioni 10.5, kila binti milioni 5.25. Hesabu ni nyepesi, lakini mtumbwi haukatwi vipande. Wasipoelewana, watauza kwa haraka, na mnunuzi ndiye atakayepanga bei, hasa ziwa likiwa limefungwa kwa uvuvi kama ilivyokuwa kati ya Mei 15 na Agosti 15, 2024. Naona ni heri mrithi mmoja awalipe wenzake kidogo kidogo kwa maandishi, au chombo kiendelee kuvua na mapato yagawanywe kwa mafungu yale yale.

Kwa wanaofuata mila za ukoo wa baba, mjane yumo hatarini zaidi. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka pembeni na kuwapunja mabinti. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliona Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili kwa sababu hiyo. Ndiyo maana wosia ni jambo la biashara kabisa. Kwa mila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wakiwa wa ukoo. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi, kwa wasio warithi wake. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kutunza wosia ulioandikwa.

Lipo pia jambo la mwambao huu wenyewe. Baadhi ya wafanyabiashara wana mke Ujiji na mwingine ng'ambo, Kalemie au Uvira. Watoto wa kule nao ni warithi, na kikao cha ukoo kisichowataja kinaandaa kesi. Zaidi ya hapo, barua ya usimamizi iliyotolewa Kigoma haitoshi peke yake kukabidhiwa nyumba au stoo iliyoko Kongo. Huko lazima mlango wa mahakama ubishwe upya, na gharama hizo hutoka kwenye mirathi ile ile.