Konokono wa Kichocho: Bulinus na Biomphalaria

Watahiniwa wengi huwachanganya konokono hawa. Wote ni wa maji baridi na hubeba vimelea vya kichocho.

Bulinus: Gamba limechongoka, ukielekeza ncha juu, tundu lake huwa kushoto. Hueneza kichocho cha kibofu, na mayai ya vimelea hutoka kwa mkojo. Shinyanga huishi kwenye malambo na majaruba. Maji yakikauka, hujificha ardhini hadi mvua inyeshe.

Biomphalaria: Gamba ni bapa, mviringo kama sarafu. Hueneza kichocho cha tumbo, na mayai hutoka kwa kinyesi. Geita hupatikana kandokando ya Ziwa Victoria.

Kumbuka: Vimelea hupenya ngozi. Kuchemsha maji ya kunywa hakumkingi anayeoga lamboni. Tumia choo, mayai yasipofika majini, mzunguko hukatika.