Baada ya Isha: Tusome Nini, Tusikilize Nini, Tutazame Nini?



Swali niulizwalo mara nyingi zaidi siku hizi si la talaka wala la mirathi. Ni la televisheni. Mama hunijia baada ya darsa, husubiri wenzake watoke, kisha huniuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, niizime au niiache?" Na aghalabu huyo aulizaye amekwisha kuizima mara mbili tatu. Watoto wakahamia kwenye simu, kila mmoja pembeni pake na waya masikioni, na nyumba ikawa kimya kama mahame.

Jawabu langu ni kuwa kuzima peke yake hakufai kitu maadamu hatujui tutaweka nini mahali pake. Baina ya Isha na kulala pana saa moja na nusu hivi, na wazee wetu hawakuiacha ikapita tupu. Palikuwa na hadithi, palikuwa na vitendawili, palikuwa na tendi zikisomwa kwa sauti na bibi ambaye nusu yake alikuwa nazo moyoni. Vitu hivyo tuliviondoa wenyewe. Hapana mtu aliyetunyang'anya.

Basi leo niruhusuni nitaje vile nivipendavyo mimi. Ni mpenzi wa vitabu tangu siku za chuoni, na sioni haya kusema kuwa napenda pia filamu iliyo nzuri. Kipimo changu ni kimoja: je, kitu hiki chahitaji watu wawili? Kitu kinachomtaka mmoja asome na mwengine aeleze, au mmoja atafsiri na mwengine aulize, huwakusanya watu wa nyumba moja. Kile ambacho kila mtu aweza kukimaliza peke yake chini ya shuka, hata kiwe cha halali namna gani, hakitatusaidia katika jambo hili.

Cha kwanza, na wala sisiti, ni Utendi wa Mwana Kupona. Kila mmoja wetu amelisikia jina, na wachache katika nyumba zetu za leo wameusoma mpaka mwisho, ilhali ni beti 102 tu. Kwa msomaji wa wastani hautimizi nusu saa. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na Sayyid Said wa Unguja. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akihisi kuwa safari imekaribia, alimtungia binti yake Mwana Hashima wasia huu. Humwambia akae karibu, alete wino na karatasi, kisha humpa yote aliyoyajua: ibada, adabu, ulimi, nyumba, mume, jamaa, na mwisho ni dua ndefu. Hakumkusudia binti yake peke yake. Amewataja wanawake wote na kuwataka wausome na kuufahamu.

Wako mabanati walioniambia kuwa utendi huu umemwelemea sana mume. Sikuwakemea. Nawaambia wausome mbele ya mama zao na bibi zao, wasimame kwenye ubeti unaowakera, waulize. Mjadala huo wa mama na binti juu ya ndoa, ambao wengi wetu huuogopa mpaka wiki ya harusi, hufunguka wenyewe pale. Lakini wasisahau pia kutazama ni nani anayesema: ni mwanamke wa visiwani, wa zaidi ya miaka 160 iliyopita, mwenye elimu ya dini na ya ushairi, anayekufa na hataki mwanawe abaki bila neno lake. Mimi nikifika kwenye dua ya mwisho huwa nampa mwengine kitabu anisomee.

Na hapa ndipo ilipo hofu yangu kubwa. Lugha yake ni Kiamu cha zamani. Binti wa Kisauni au Likoni akikutana na "ndoo" katika tendi za Lamu hudhani ni ndoo ya maji, kumbe ni "njoo". "Mato" ni macho, "moya" ni moja, "yuu" ni juu. Haya ni mepesi. Yako maneno mengine ambayo hata mimi huyapeleka kwa wazee. Kila mwaka tunazika mabibi waliokuwa wakiyaelewa bila kufungua kamusi, na tukitoka makaburini twarudi nyumbani kutazama picha zilizotafsiriwa kutoka lugha za mbali. Bibi akiwa hai na yuko chumba cha pili, yeye ndiye kamusi. Apewe kiti, binti asome, naye asahihishe. Ni kazi itakayompa heshima kuliko kuulizwa tu kama amekwisha kumeza dawa.

Atakayeumaliza huo na akautaka mwengine, achukue Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Huu ni mzito zaidi. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, na anauonyesha majumba ya Pate yalivyokuwa yakiwaka taa na zidaka zilivyojaa vyombo vya kaure, kisha yalivyobaki magofu ya popo na bundi. Watoto wanaoishi katika nyumba za mawe wataielewa haraka. Wengi wetu zidaka tunazo, ila tumeziziba kwa televisheni.

Kwa upande wa hadithi, nyumba yenye watoto wa miaka minane mpaka kumi na mitano ianze na Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert. Ndani yake muna mfalme apataye habari kuwa gavana wake, mtu mwema asiyemwonea mtu, kila usiku huwapiga manyani wawili kisha hulia. Kwa nini? Usiwaambie. Soma kwa sehemu ndogo kila usiku, ufunge kitabu pale wanapokusihi uendelee. Kiswahili chake ni cha kuoshea masikio, na mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa insha atafaidika nacho bila kujua kuwa anasoma.

Wakubwa wanaopenda mafumbo ya uhalifu, wawaache wapelelezi wa Ulaya kidogo, wamtafute Bwana Msa. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alimwumba katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, na akaendelea naye katika vitabu kadhaa vilivyofuata. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum ambaye daima yu hatua moja nyuma, na ana akili isiyokurupuka. Kiko hicho sikipendekezi. Vitabu vyenyewe navipendekeza, na raha yake ni kusoma kwa zamu, kila mtu akitaja mshukiwa wake kabla ya sura ya mwisho.

Na kwa anayetaka kitu cha dakika kumi, viko vipande vya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui vilivyokusanywa katika Uwongozi. Aliviandika kwanza katika gazeti lake la Sahifa, alilolianzisha hapa Mombasa mwaka 1930. Ni vifupi na vikali, havimwonei haya mtu. Mume na mke wasome kimoja baada ya chakula, watazame ni mangapi aliyoyalalamikia ambayo yangali nasi.

Nije kwenye sauti. Kabla ya yote, kila nyumba iwe na msomaji mmoja wa Qur'ani ambaye watoto wanamtambua kwa sauti yake kama wamtambuavyo ami yao. Mimi ni mtu wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, rahimahullah. Yeye ndiye wa kwanza kurekodiwa msahafu mzima kwa tartil, mwaka 1961, na usomaji wake ni wa mwalimu: kila herufi huiona ikitoka mahali pake. Abdul Basit atakuliza, naam, lakini mtoto anayehifadhi akimfuata huishiwa pumzi katikati ya aya.

Ama muziki, wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani juu ya ala, na ukurasa huu si mahali pa kuumaliza ubishi huo. Aliyeona kuwa haifai kabisa, ana qasida na dufu, na Lamu hapajakosekana wasomaji wazuri wa maulidi. Mimi katika nyumba yangu hupima maneno kwanza. Taarabu za zamani za Mombasa zilikuwa ni mashairi kabla ya kuwa nyimbo. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba nyingi zilizotungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, yule yule wa diwani ya Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin wa Lamu, aliyetutoka mwaka 2016, alikuwa na udi wake, na mpigo wake hauna haraka hata kidogo. Wekeni wimbo mmoja wa hao, kisha uzimeni, muulizane: huyu "ua" ni nani, na huyu "mwiba" ni nani? Fumbo lenye tabaka tatu huwashughulisha watu usiku mzima. Hizi za siku hizi za kutupiana vijembe harusini, fumbo lake hulifumbua hata mtoto wa chekechea, tena kwa matusi. Hizo sina haja nazo.

Sasa televisheni yenyewe, kwani sikusema itupwe baharini. Filamu niipendayo kuliko zote ni ya Irani, iitwayo Children of Heaven, iliyoongozwa na Majid Majidi mwaka 1997. Kijana mdogo, Ali, anapeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, na katika kurudi vinapotea. Baba hana pesa ya vingine na mama ni mgonjwa, basi wale ndugu wawili wanaamua kuficha siri. Zahra asoma asubuhi, Ali asoma mchana. Watavaa raba moja kwa zamu. Kila siku msichana akitoka shule hupiga mbio vichochoroni ili kaka yake apate kuvaa na yeye akimbie. Kisha patangazwa mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya viatu. Ali hataki kuwa wa kwanza. Anataka kuwa wa tatu.

Hamuna bunduki, hamuna aliyevuliwa stara, hamuna hata mtu mbaya. Na nimewaona watu wazima wenye ndevu wakijifuta macho kwa ncha ya kanzu. Maneno ni ya Kifarsi na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Hilo lisiwazuie, bali ndilo zuri lake. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuwatafsiria bibi na wadogo kwa Kiswahili safi. Baada ya filamu hiyo sikuhitaji kumhubiria mtoto yeyote juu ya viatu vyake vya Idi.

Ya pili ni The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, ambayo wengi mumeiona. Aliipiga mara mbili, moja kwa Kiingereza na moja kwa Kiarabu, kwa wachezaji tofauti. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, haonekani wala hasikiki, na makhalifa wake wa kwanza pia hawaonyeshwi. Mimi hupenda ile ya Kiarabu, na huwaambia vijana waifuate na kitabu cha sira pembeni, wasije wakamjua Sayyidna Hamza kwa sura ya mchezaji.

Kuhusu mchezo wa Kituruki wa Ertuğrul, ambao najua umo katika nyumba zaidi ya nitakavyoambiwa, nitasema hesabu tu. Ni vipande 150, na kila kimoja katika asili yake chakaribia saa mbili. Ni saa 300, yaani siku kumi na mbili na nusu, usiku na mchana bila kulala. Anayezo na azitoe.

Vitendawili havigharimu hata shilingi. Watoto wanaojua kujibu "tega" wengi hawajui tena kuwa aliyeshindwa hudaiwa mji, na mwenye kitendawili aweza kuukataa Malindi akadai Lamu nzima pamoja na Shela. Wafundisheni hilo kwanza. Ndilo linalowapa hamu.

Kwa nyumba itakayoanza juma hili, nashauri simu zote ziwekwe katika sinia moja baada ya Isha, ya baba ikiwa ya kwanza, na kuanzwe na Adili na Nduguze. Mwana Kupona asubiri juma la pili, mpaka apatikane wa kuwaelezeni Kiamu. Na asipokuwapo bibi nyumbani, yuko kwa jirani: mpelekeeni mkate wa mofa na kahawa, mwambieni kuwa mna kitabu kinachowashinda.