Uso Unapowaka Garissa

Garissa ni mji wa wasemaji. Katika soko la mifugo, dalali mnyonge wa sauti hulala njaa, na barazani mzee hupimwa kwa jinsi anavyopanga hoja na kuzipamba kwa mithali. Hata Aden Duale, aliyekuwa mbunge wa mji huo na kiongozi wa walio wengi Bungeni tangu 2013 hadi 2020, watu humtaja kwanza kwa ulimi wake. Mahali kama hapo, kijana ambaye uso humwiva kila anapotazamwa ana mtihani wa pekee. Akiitwa mbele ya darasa, joto humpanda kutoka shingoni hadi masikioni, moyo humdunda, na somo alilolikeshea humtoka lote. Hakuliogopa somo. Aliogopa uso wake.

Wapo wanaosema hofu hii ya kuiva uso ni ya Wazungu, kwa kuwa ngozi nyeusi haionyeshi wekundu. Jibu la kuwapa ni la zamani. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alitenga sura nzima kwa jambo hili. Humo alimtaja daktari Burgess, aliyemwona mwanamke mweusi mwenye kovu usoni: kila aliposemeshwa ghafla, kovu liligeuka jekundu. Damu huja vilevile, ila ngozi huisitiri. Kwa hiyo kijana wetu mara nyingi anawaficha uso watu wasioona chochote. Joto analolisikia ndani anadhani linaonekana hadi ng'ambo ya Mto Tana.

Uso kuiva peke yake si ugonjwa. Mtu akiona haya, mishipa midogo ya uso hupanuka kwa amri ya neva asizozitawala. Ugonjwa huingia pale mtu anapoanza kuuvizia uso wake: anahofia utaiva, hofu inauivisha, na kesho ana sababu mpya ya kuhofu. Hofu hii ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu aghalabu huanza katika umri wa kubalehe.

Kinachoifanya ifichike zaidi Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni sifa njema. Haya huhesabiwa sehemu ya imani, na mtoto anayeinamisha macho mbele ya wageni husifiwa kwa adabu. Wazazi hawajui kwamba haya humzuia mtu na maovu, ilhali maradhi haya humzuia na mema. Utamkuta aliyehifadhi Msahafu mzima akikataa kusalisha tarawehe. Msichana mwenye alama nzuri anakwepa usaili wa kazi, na nyumbani wanasema mtoto ametulia.

Tena, katika eneo hili la Wasomali, kuna majina ya utani. Wasomali hawafichi dosari ya mtu, huifanya jina lake. Abdirahman Ahmed Ali, rais wa kwanza wa Somaliland mwaka 1991, anajulikana mpaka leo kama Tuur, yaani kibiongo. Anayeiva uso anajua jina gani linamsubiri maskani, ndiyo maana haendi. Mimi nauona utani huu kuwa na ukatili ndani yake, lakini pia una chembe ya dawa: kilichokwisha kutajwa hadharani hakiwezi tena kufichuliwa. Viktor Frankl, daktari wa Vienna, alimtibu mwenzake aliyetokwa na jasho kila alipoogopa kutokwa na jasho kwa kumwambia akusudie kuwaonyesha watu jinsi anavyoweza kulimwaga. Hofu ya miaka ikakatika. Kijana anayeanza hotuba kwa kusema, "Jamani, uso wangu huwaka nikisimama mbele ya watu," amejitua nusu ya mzigo.

Vijana wengi, badala yake, hukimbilia miraa ya Meru ili ulimi ulegee. Ulimi hulegea kweli, lakini miraa huongeza mapigo ya moyo, na stimu ikiisha wasiwasi hurudi umenenepa. Vidonge vya propranolol hutuliza moyo, ila vina hatari kwa mwenye pumu na havinunuliwi bila daktari. Upo hata upasuaji wa kukata neva za kifuani. Wengi waliofanyiwa hubaki wakitokwa na jasho jingi mgongoni na tumboni. Kwa joto la Garissa, sioni faida.

Tiba iliyothibitika zaidi ni ya mazungumzo na mazoezi. Mgonjwa hufunzwa kuutoa usikivu wake usoni na kuuweka kwa msikilizaji na hoja, kisha kuingia anapopaogopa hatua kwa hatua: kuuliza bei dukani kwa sauti, kuuliza swali darasani, kuadhini, kusalisha. Uso huachwa uwake unavyotaka.

Nani ataifundisha tiba hii Garissa, Wajir au Mandera? Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa jamii pembezoni mwa Nairobi, wasio madaktari, waliwapunguzia wanawake dhiki za moyo kwa vikao 5 tu vya mazungumzo. Na tangu Septemba 2023 serikali imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini. Wapo tayari wanaobisha hodi katika maboma ya Kaskazini Mashariki wakiwa na mashine za kupima presha. Magavana wa kaunti hizo tatu wawaongezee mafunzo ya vikao hivyo, kwa Kisomali.